Vibanzi vya asidi ya fomiki kwa varoa: uzoefu wangu

Nafuga nyuki Minnesota, Marekani, na Agosti ikifika, utitiri wa varoa ndio hunikosesha usingizi. Nyuki wanaozaliwa Agosti na Septemba ndio wanaovusha kundi msimu wa baridi. Wakinyonywa na varoa wangali majana, yaani nyuki wachanga ndani ya sega, wengi hutoka na mabawa yaliyojikunja kwa virusi, na kundi halifiki Machi.

Safari hii nilitumia vibanzi vya asidi ya fomiki, yaani vipande vyembamba vya dawa inayotoa mvuke ndani ya mzinga. Kilichonivutia ni kwamba mvuke wake hupenya kifuniko cha nta. Varoa huzaliana ndani ya vyumba vya sega vilivyofunikwa, na dawa nyingi hazifiki humo. Huua tu wale walio kwenye miili ya nyuki wakubwa.

Kwanza nilihesabu. Unachota nyuki nusu kikombe, takriban 300, unawatia kwenye spiriti, unatikisa na kuchuja. Varoa 13 walizama chini ya chombo, wekundu wa kahawia, bapa. Wakifika 9 msimu huo, mimi sisubiri.

Nililaza vibanzi viwili juu ya fremu za majana bila kuvua karatasi yake, mlango wa mzinga ukiwa wazi wote. Harufu inachoma pua na macho; vaa glavu za kuzuia asidi na simama upepo ukitokea mgongoni. Jioni nyuki walining'inia nje ya mzinga kama ndevu, na kesho yake majana yaliyokufa yalikuwa yametupwa mlangoni. Malkia naye akaacha kutaga. Inatisha, lakini usikimbilie kununua malkia mwingine. Nilipofungua mzinga siku ya 14, mayai mapya yalikuwa yamesimama wima ndani ya vyumba. Nilipohesabu tena baadaye, varoa walikuwa 2.

Joto ndilo la kuchunga. Siku tatu za mwanzo lisizidi nyuzi 29 za Selsiasi mchana, wala lisiwe chini ya 10. Mfugaji mwenzangu aliviweka wakati wa joto kali, akampoteza malkia. Angalia utabiri wa hali ya hewa kabla hujafungua pakiti.

Ndugu zangu wa Tabora huniuliza kama nao wanunue. Nawajibu hapana. Varoa walithibitishwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini nyuki wa huko wanawavumilia bila dawa. Vibanzi hivi ni vya sisi tunaofuga nyuki wa asili ya Ulaya, na kwangu mimi, Agosti ijayo navinunua tena.