Larsian ya Cebu: nyama ya mkaa, puso, na hilo neno lao "lami"

Kama unapita Cebu kule Ufilipino, iwe umeshuka na meli au umemfuata rafiki wa kazini Dubai au Doha kwao, usiku nenda ukale Larsian. Iko karibu na Fuente Osmeña, ule mzunguko mkubwa wenye chemchemi katikati, jina wameupa la Sergio Osmeña, mtu wa hukohuko Cebu aliyekuwa rais wa nchi 1944 mpaka 1946. Dereva teksi anapajua, we taja jina tu. Sio mgahawa mmoja, ni vibanda vimepangana, kila kibanda na jiko lake la mkaa na meza zake, na kila mwenye kibanda anakuita wewe uje kwake.

Vijiti vya nyama vimepangwa pale mbele, unaonyesha kwa kidole: nguruwe, kuku, maini, utumbo, soseji zao nyekundu wanaita chorizo. Vinaenda kwenye moto vinapakwa sosi, vinarudi mezani vya moto kabisa, ni mishkaki ya kwetu ila wao sukari wameizidisha. Pembeni unachanganya mwenyewe siki, sosi ya soya, pilipili na kile kindimu kidogo wanaita kalamansi. Wali unakuja umefungwa ndani ya majani machanga ya mnazi yaliyosukwa, umechemshiwa humohumo, hiyo ndo puso (kwa Kitagalog puso ni moyo, ila ukiwa Cebu mezani ni wali, usishangae). Unapewa glavu za plastiki unakula kwa mkono. Waislamu niwaambie mapema, nguruwe na kuku wanalala jiko moja, kwa hiyo hapa hapawafai, tafuteni sehemu ya halali.

Sasa kaa hapo kwenye meza usikilize. Neno utakalolisikia kila baada ya dakika mbili ni lami. Kwetu lami ni ya barabarani, kwao ni tamu, na mimi nalipenda hilo neno kuliko neno lolote la Kisebuano kwa sababu halikai kwenye chakula peke yake. Yule rafiki yangu Mbisaya (wenyewe wanajiita Bisaya, na hicho Kisebuano chao pia wanakiita hivyo) alianza kunifundisha tukiwa bado Dubai kwenye basi la wafanyakazi, ila nililielewa vizuri nilipokaa kwenye zile meza nikaona watu wanavyolitumia huku wanakula.

Chakula kikiwa kizuri ni lami kaayo, kaayo ni sana. Kikizidi kabisa mtu anafumba macho anasema lamia uy! Ukishakula ukafurahi unasema nalamian ko, yaani nimeuonja huo utamu umenikolea. Mpaka hapo rahisi. Mvua ikinyesha wanasema lami matulog, usingizi mtamu, na hapo Mswahili hapotei kwa sababu hata sisi usingizi tunauita mtamu, maneno matamu, sauti tamu. Lakini wao wanasonga mbele zaidi, mtoto mwenye mashavu yaliyojaa ni lami kusion, yaani ukimuona vidole vinataka kumfinya, na mtu aliyekukera ni lami sumbagon, yaani ngumi tu ndo inamfaa! Sisi tungesema mkono unaniwasha. Meza ya jirani vijana walikuwa wanamsema mwenzao anayekopa harudishi, hilo neno likatoka, wote wakacheka, na mimi nikaelewa bila kutafsiriwa. Kwa hiyo lami ukiliangalia vizuri ni hamu ya mwili mzima, kitu kinachokuvuta ukifanye, kula, kulala, kufinya, kupiga.

Na ndo maana mtu akiwa hajisikii vizuri anasema dili lami akong paminaw, mwili hauna raha. Hii ijueni nyie mnaofanya kazi hospitali za Ghuba na wauguzi wa Kibisaya au mnaoishi nao chumba kimoja, mwenzako akikwambia hivyo asubuhi haongelei chai, anaumwa, mwache apumzike.

Kinyume chake ni walay lami, hakina ladha, na hiyo nayo wanaisema hata kwa sinema iliyopooza au sherehe iliyododa. Nilikula kwenye mgahawa mmoja mkubwa ndani ya moli, siutaji, viti vizuri, baridi la kutosha, kuku mkavu na wali wa jana, na rafiki yangu akasema hayo maneno mawili tu akaweka uma chini.

Onyo moja kubwa, usimwite mtu lami hivihivi. Kumwambia dada wa watu wewe ni lami ni kumtamani hadharani, ni matusi, sio sifa. Sifia nyama yake, sifia sosi yake, ishia hapo. Na ukimuita mhudumu, kijana wa kiume ni Dong, binti ni Day, mama mtu mzima sema 'Te, wanafurahi sana mgeni akiwaita hivyo na huduma inabadilika hapohapo. Ukienda visiwa vingine usilazimishe hili neno pia, Manila wenye Kitagalog watasema masarap, Iloilo na Bacolod wenye Kihiligaynon wanasema namit, ila Bohol na sehemu kubwa ya Mindanao lami yako inapokelewa vizuri kabisa.

Kuhusu Larsian yenyewe, mimi naipa nyota zote kwa chakula. Vaa nguo ya kufua, moshi wa mkaa unaingia mpaka kwenye nywele, ndo choma ilivyo. Beba hela taslimu, na kabla hujaagiza uliza tagpila, yaani kila kimoja bei gani. Anzeni na vijiti vichache na puso mbilimbili kwa mtu, ni ndogo zile, halafu mkinogewa mnaongeza.