Injekta za Mtumba kutoka Kisekka, Zilizofungwa Nyumbani

Seti ya injekta ninayoieleza hapa niliinunua Kisekka, soko la spea lililo katikati ya Kampala, kwa shilingi 240,000 zote nne. Injekta ni vipuri vinavyonyunyizia petroli kwenye injini. Hizi ni za Denso zilizokwisha kutumika, zilizotolewa kwenye injini za mtumba kutoka Japani, nami nimezifunga nyumbani Bweyogerere katika Corolla ya mwaka 2003 yenye injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Nimeziendesha kwa miezi mitatu, na sina shaka kuzipendekeza mbele ya zile mpya za bei ya chini.

Nasema hivyo kwa sababu nilianza na hizo mpya. Duka moja mjini liliniuzia seti inayong'aa ndani ya kisanduku kwa shilingi 150,000. Nilizipima kwa mita ya umeme, kila moja ikaonyesha takriban omu 14, nikaridhika. Kumbe kipimo hicho huthibitisha tu kwamba koili ya ndani ni nzima. Hakisemi lolote kuhusu kiasi cha petroli kinachopita wala jinsi kinavyonyunyizwa. Siku ya tatu gari lilianza kumisi asubuhi, yaani kuunguruma kwa kukatakata, harufu ya petroli mbichi ikatoka kwenye bomba la moshi, na plagi ya silinda ya tatu nilipoifungua ilikuwa nyeusi tititi kwa masizi. Dukani nilionyeshwa karatasi ukutani inayosema kuwa spea ikishafungwa hairudishwi, na hakuna aliyekubali hata kuipima. Hilo liliniuma kuliko fedha yenyewe, kwani mteja hana njia ya kuujua ubovu wa injekta kabla ya kuifunga ikiwa muuzaji hana mashine ya kupimia.

Muuzaji wa Kisekka anayo. Alizipachika injekta nane kwenye mashine, kila moja juu ya mrija wake wa kioo, akaiwasha, nasi tukatazama petroli ikipanda. Mirija mitano ilijaa sawasawa, miwili ikachelewa, na mmoja ulipokea mkondo mwembamba badala ya ukungu. Alinichagulia nne kati ya zile tano, akabadilisha vichujio vidogo vya ndani na oringi zote, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, kisha akaandika kwenye risiti dhamana ya siku 30. Ningelipa hata zaidi kwa dakika hizo ishirini.

Kazi ya kufunga nilisaidiwa na jirani yangu, dereva mstaafu wa jeshi ambaye mtaa mzima humwita Afande. Kabla ya kugusa spana alihakikisha kuwa sigiri zote za majirani zimeondolewa uani, jambo ambalo yeyote anayefanya kazi hii nyumbani hana budi kulitanguliza. Tuliinua kiti cha nyuma, tukachomoa soketi ya pampu ya petroli, tukaiacha injini iungurume hadi ikazimika yenyewe ili presha iishe kwenye reli, lile bomba linalogawia injekta petroli, ndipo tukafungua waya hasi wa betri. Hata hivyo petroli kidogo ilibaki, kwa hiyo tulizungushia kitambaa kwenye maungio kabla ya kuyaachia. Soketi za injekta zilitaka subira, maana plastiki ya miaka ishirini huvunjika kwa kuguswa tu.

Oringi tulizipaka petroli safi, kamwe si grisi, nikawa nasukuma huku nikizungusha injekta kushoto na kulia.

“Mwalimu, usitumie nguvu,” Afande aliniambia. “Ikikataa kuzunguka kwa vidole, ujue oringi imebanwa. Itoe, anza upya.”

Ya pili ilikataa kweli. Nilipoitoa, oringi ilikuwa na mkato mdogo kama wa ukucha, na laiti ningelazimisha, petroli ingevuja juu ya injini yenye moto. Nilikuwa nimenunua oringi mbili za akiba, na ninamsihi kila mnunuzi afanye vivyo hivyo. Tulipowasha, tulimulika kila maungio kwa tochi kwa dakika kadhaa kabla ya kurudisha kifuniko.

Kasoro ninayoiona ni kwamba muuzaji hana kumbukumbu ya umbali ambao injekta hizo zilitembea, hivyo maisha yake hayatabiriki. Tena hazitadumu kwa mtu anayetia petroli ya jerikani. Nadhani zile zilizokuwa kwenye gari kabla ya seti hizi mbili ziliharibika tangu Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama Malaba na Busia, mpakani na Kenya, petroli ikaadimika, nami nikanunua ya barabarani. Safari hii nilibadilisha pia kichujio cha petroli.

Plagi ya silinda ya tatu niliifungua tena wiki iliyopita, na ncha yake ina rangi ya kahawia iliyopauka, sawa na zile tatu nyingine.