TP-Link ER605: ukichomeka laini mbili ofisini, spidi inajumlishika kweli?

Mambo vipi wadau, leo mezani kuna haka karauta ka TP-Link, ER605 toleo la pili, maana inboksi mnaniuliza kila siku eti kaka nikiwa na faiba mbili za Mbps 20 (megabiti 20 kwa sekunde) nikazichomeka humu napata 40? Tulieni.

Cheki hapa, matundu matano yote ya gigabiti, la kwanza ni WAN tu, yaani la kuingizia laini ya intaneti, haya mawili unaamua mwenyewe yawe WAN au LAN, yaani ya vifaa vyako vya ndani, halafu kuna USB ya kuchomeka modemu ya 4G. Safi kabisa kwa ofisi ndogo.

Sasa angalia skrini, nimerusha spidi testi inasoma karibu 40, watu wanashangilia, ila hiyo testi inafungua koneksheni nyingi kwa mpigo ndo maana rauta inazigawa huku na kule. Nikishusha faili moja kubwa kwa brauza linakwenda megabaiti 2 na nusu kwa sekunde, yaani Mbps 20 ileile (megabaiti moja ni megabiti nane), kwa sababu koneksheni moja inakaa kwenye laini moja tu. Kwa hiyo mkiwa watu kumi mtaona raha, ukiwa peke yako na bakapu yako utasema umepigwa.

Kuna kitu hapa wengi hawawashi, kwenye Load Balancing, yaani sehemu ya kugawa mzigo kati ya laini, pameandikwa Application Optimized Routing, weka tiki, la sivyo unaingia kwenye akaunti ya benki mara inakutupa nje, benki inaona umekuja na IP (anwani za intaneti) mbili tofauti. Na Online Detection, yaani rauta kujipimia kama laini ina intaneti kweli, nayo muhimu, maana waya unaweza kuonekana mzima, taa inawaka kijani, kumbe intaneti ya nyuma imekufa zamani.

Anayetaka laini ziungane ziwe bomba moja kweli, hiyo ni bonding, na lazima upande wa pili kuwe na seva ya kuunganisha vipande upya, Peplink wanayo ya kwao inaitwa SpeedFusion, au OpenMPTCProuter ya bure unaweka na VPS, yaani seva ya kukodi mtandaoni, ila VPS ikiwa Ulaya kila kitu kinazunguka Ulaya kwanza, simu za Zoom utazichukia.

Alafu jamani, laini mbili za kampuni mbili siyo lazima ziwe njia mbili! Mei 12, 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja huko baharini Afrika Kusini, Bongo na Kenya tukalia wote. Waulize watoa huduma wanapitia kebo ipi, na hata nguzo ipi hapo mtaani kwenu.

Mimi kwa ofisi ya watu chini ya thelathini naipitisha hii. Ukimaliza kuset, chomoa waya mmoja makusudi saa nne asubuhi watu wakiwa kazini, usikilize nani atapiga kelele.