Duka la mawe ya fuwele Ntinda: mali ni safi, stori za muuzaji zipunguze

Kama umechoka kuwapa watu saa za ukutani kila harusi, kuna kaduka ka mapambo huku Ntinda, Kampala, kanauza yale mawe ya jiodi, nje limeparara kama kiazi, ndani limejaa fuwele. Mimi nilichukua nusu ya zambarau, walianzia laki na nusu tukamalizana kwa elfu tisini, na kwa kweli sijuti.

Ila huyo muuzaji, eti moto wa volkano ndio uliivisha fuwele ndani! Hapana ndugu. Kazi ya volkano ni tundu tu, lava ikipoa gesi inanaswa humo kama povu, basi. Fuwele zinakuja baadaye sana, maji yenye silika, yaani madini yanayojenga fuwele hizo, yanapenya kidogokidogo kwenye mwamba na kuacha tabaka juu ya tabaka. Hata kwenye langu unaona, ukingoni kuna ganda la kahawia, halafu mistari myembamba ya akiki ya kijivu, halafu ndio kwatzi, yaani fuwele zenyewe, zimesimama zote ncha zikitazama katikati kwa sababu huko ndiko nafasi ilibaki. Maji yangeendelea kuleta silika tundu lingejaa lote na ningeuziwa jiwe tu. Na si lazima volkano, kule Iowa Marekani zinapatikana kwenye miamba ya chokaa na dolomiti.

Hizi zambarau, yaani amethisto, wanasema wanatoa Brazili na Uruguay, naamini, huko ndiko zinachimbwa kwa wingi. Rangi ni chuma kidogo ndani ya kwatzi pamoja na mionzi ya asili ya miamba. Usiweke dirishani lakini, jua likipiga muda mrefu rangi inafifia. Zile za machungwa wanazoziita sitrini, nyingi huwa ni amethisto iliyochomwa, kwa hiyo usikubali bei ya juu.

Sasa yale ya pinki kali na buluu ya kung'aa, achana nayo. Nilipangusa moja kwa pamba yenye asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, pamba ikatoka pinki mbele ya dada wa duka, akacheka tu, "Ah bosi, si linapendeza lakini?" Linapendeza ndio, ila bei ni ileile ya rangi ya asili, huo si uungwana.

Kufunga mzigo ni sifuri. Wanakutilia kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki, unapanda boda, mashimo ya Kampala unayajua, ncha moja ya langu ilikatika. Kwatzi inakwaruza kioo sawa, lakini ikigongwa inavunjika. Beba taulo lako.

Nyota nne. Wana na mawe mazima hayajapasuliwa, elfu arobaini, wanakupasulia palepale. Pima mawili ya ukubwa mmoja mkononi, chukua lile jepesi, hilo ndilo lenye uwazi ndani.