Dhifa ya Sikukuu ya Jamhuri Ughaibuni: Uzoefu Wangu

Dhifa ya Sikukuu ya Jamhuri niliyohudhuria Texas, iliyoandaliwa na chama cha Wakenya wanaoishi huko, ilikuwa na kipindi kimoja ambacho peke yake kinatosha kumshawishi Mkenya anunue tiketi, nacho ni mjadala wa Katiba uliofanyika baada ya chakula. Wakili aliyealikwa alieleza haki ya kupiga kura ya raia walio nje ya nchi, na ukumbi uliokuwa umejaa soga ukatulia kumsikiliza.

Alianza na Kifungu cha 82 cha Katiba ya 2010, kinacholitaka Bunge litunge sheria ya kuwawezesha raia hao kupiga kura hatua kwa hatua, kisha akazitaja hatua zenyewe: mwaka 2013 walipiga kura Wakenya waliokuwa Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, mwaka 2017 ikaongezwa Afrika Kusini, na mwaka 2022 nchi zikafika 12, Marekani ikiwamo. Hata hivyo, vituo vya Marekani vilikuwa Washington, New York na Los Angeles, kwa hiyo mkazi wa Texas alipaswa kugharimia safari ndefu ili apige kura moja tu, ya rais, kwa kuwa sisi wa ughaibuni hatuchagui gavana, seneta wala mbunge. Maswali yalimiminika. Mama mmoja alitaka kujua ni nani aliyeamua kwamba hatua zinazotajwa na Katiba ziende polepole kiasi hicho, na kabla hajajibiwa, mshereheshaji akaufunga mjadala ili wageni mashuhuri waliotoka nyumbani wahutubu. Hotuba zao zilikuwa ndefu na nyingi zilitusifu kwa fedha tunazotuma. Nilisikitika sana, kwani dhifa inayoadhimisha demokrasia haipaswi kumnyima mwananchi jibu kwa ajili ya kumpa kiongozi jukwaa.

Upande wa utamaduni sina lawama. Kikundi cha isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kilipiga ngoma zake tatu, kubwa, ya kati na ndogo, hadi wazee wakaacha viti vyao. Kabla ya wimbo wa taifa watoto walielezwa kwamba sauti yake ilitokana na wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, na kwamba tarehe 12 Desemba tunakumbuka mambo mawili, uhuru wa 1963 na jamhuri ya 1964. Watoto waliozaliwa Marekani hawayapati hayo shuleni, na nadhani kwa wazazi wengi hilo lilikuwa na thamani kuliko burudani yote.

Chakula kilikuwa kizuri, hasa mukimo na nyama choma, ingawa foleni ilikwenda taratibu.

Bei ya tiketi ni ya juu kwa familia yenye watoto wengi, na ningependa chama kiwapunguzie. Zaidi ya hapo, kwa kuwa uchaguzi mkuu ni mwaka 2027, nawaomba waandaaji waendelee kuutanguliza mjadala wa Katiba kabla ya hotuba, lakini wauache wazi hadi maswali yaishe, na waweke meza ya kuwaelekeza watu jinsi ya kujisajili kuwa wapiga kura.