Jenereta ya petroli ya 6.5 kVA: inachomelea kweli, ila hesabu yake inauma

Nina karakana ya kuchomelea Tabata, Dar es Salaam: mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Mgao wa umeme ulipokolea mwishoni mwa 2023, wakati serikali yenyewe ilisema gridi imepungukiwa megawati kama 400, nilikwenda Gerezani nikarudi na jenereta ya Kichina yenye kibandiko cha 6.5 kVA. Ilinitoka milioni moja na laki mbili baada ya kuvutana sana. Jina siandiki, maana mashine hizi dukani zimepangwa kama watoto wa shule mstarini, tofauti ni rangi tu.

Kibandiko usikiamini. Hiyo 6.5 ni nguvu ya juu kabisa, ya kitambo kifupi. Yangu inatulia kwenye kilowati nne hivi. Mashine ya kuchomelea ya kizamani, ile nzito ya koili, inaizima palepale kijiti kinapogusa chuma. Kwa mashine ndogo ya inveta na vijiti vya geji 12 sina malalamiko: moto umetulia, mshono unatoka safi, na grenda moja pembeni inavumilia. Ukiongeza ya pili inaanza kukoroma.

Betri iliyokuja nayo ilikufa mapema, sasa tunavuta kamba. AVR, kile kifaa cha kutuliza volti, iliungua, nikapata nyingine Kariakoo kwa bei ya kawaida. Kelele ni balaa. Mama wa duka la dawa la jirani alinifikishia salamu kupitia mwenyekiti wa mtaa.

Sasa hesabu, na hapa ndipo penyewe. Umeme wa luku kwa sisi wa biashara ndogo, elfu moja inatoa uniti kama 2.8, yaani uniti moja ni shilingi 350 na kitu. Jenereta hii kwa kazi yangu inakunywa lita moja na robo hivi kwa saa, na katika saa hiyo inanipa uniti mbili kama nimebahatika. Weka petroli shilingi 3,000 kwa lita: uniti moja inakaribia 1,900, zaidi ya mara tano. Oili na plagi sijagusa.

Hiyo tofauti huwezi kumbebesha mteja. Nilijaribu kupandisha bei ya geti kidogo tu, mteja akaenda kununua mlango wa chuma wa China uliokwisha pakwa rangi. Kwa hiyo nikaimeza mwenyewe, na kijana niliyetaka kumwajiri akabaki deiwaka.

Tena ile milioni na laki mbili ilikuwa na kazi yake. Niliitunza kwa ajili ya mashine ya kukunjia maua ya geti, ambayo ingeniongezea bidhaa mpya. Jenereta haikuniongezea hata geti moja. Ilinirudisha pale nilipokuwa kabla umeme haujakatika, tena kwa gharama kubwa zaidi. Na petroli yote inakuja kwa meli, inalipiwa dola, mwaka ambao dola zenyewe zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Takwimu za taifa zinasema uchumi ulikua asilimia 5.1 mwaka ule. Sina ugomvi nazo. Najiuliza tu ingekuwa ngapi kama mafundi wa Tabata, Buguruni na Keko wangenunua mashine za kuzalisha badala ya mashine za kuziba pengo.

Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere, kule Rufiji, uliingia kwenye gridi, na bwawa zima limejengwa kutoa megawati 2,115. Mgao ule mkali uliondoka, nashukuru. Lakini transfoma ya mtaa wetu ni ileile, na jioni watu wakiwasha viyoyozi inazidiwa, moto wa kuchomelea unakuwa wa kubembeleza. Ndiyo maana jenereta sijaiuza.

Kama mashine naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Inunue kama una kazi za tarehe, hasa za wakandarasi wanaokata pesa ukichelewa. Kama unaweza kuhamishia kazi zako usiku au alfajiri umeme ukiwa na nguvu, fanya hivyo kwanza. Ukifika dukani, inyanyue kabla ya kulipa: iliyosukwa kwa waya wa alumini ni nyepesi kuliko ya shaba, na muuzaji atakuapia kwamba zote ni shaba.