WGT Golf: uzuri wake uko kwenye grini

Michezo mingi ya gofu ya simu inakusifu ukiupeleka mpira mbali. WGT Golf mimi naipendea grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Hapo ndipo mtu anapookoa mikwaju au kuitupa, na hilo nawaambia kila siku vijana wanaokaa dukani kwangu Shela, hii Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu.

Mpira ukitua kwenye grini, kioo kinachora miraba, na juu ya mistari yake vinatembea vinukta. Vinakoelekea ndiko kunakoteremka. Vikikimbia, mteremko ni mkali. Unaonyeshwa pia futi zilizobaki, na shimo liko inchi ngapi juu au chini ya mpira. Wengi wanatazama futi tu, wanapiga. Anza na vinukta vilivyo karibu na shimo! Mpira ukiishiwa kasi ndipo mteremko unapoubeba. Vile vya karibu nawe unavipita ungali na nguvu.

Nguvu nayo ina hesabu. Shimo likiwa juu inchi 1 naongeza futi 1, likiwa chini napunguza. Hiyo ni hesabu ya kuanzia, kwani grini yenye kasi inataka mkono mwepesi zaidi. Halafu kipimo cha mita, ule mstari wa nguvu kwenye kioo, yaani ukijaa mpira unakwenda futi ngapi: mkwaju wa futi 20 usiupige kwa kipimo cha futi 100, maana kidole kikichelewa kidogo tu, mpira umepitiliza mbali. Chagua kipimo kidogo kinachotosha.

Pa kujifunzia, kwangu mimi, ni Old Course ya St Andrews, Uskoti. Mashimo 14 kati ya 18 yanagawana grini 7, la 5 na la 13 kwa mfano, kwa hiyo grini ni pana mno na unaweza kutua juu yake bado shimo liko mbali. Ukizoea mikwaju mirefu ile, futi 15 za kwingineko hazikutishi.

Simu ikiwa na programu nyingi wazi, mita inarukaruka, zifunge kwanza. Na usicheze barazani adhuhuri, kwa jua letu hili vinukta hutaviona.

Kupakua ni bure. Fimbo za bei zimo, lakini fimbo haikusomei mteremko. Baki na ya mwanzo mpaka uone wazi kwamba vipimo vyake ndivyo vinavyokuzuia.